Kuachiliwa ni Jambo Moja, Kulipwa ni Jingine
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo tuzungumze juu ya mtu aliyeshikwa bila kosa. Amewekwa ndani, amekwenda kortini mara sita au saba kwa kesi ndogo, mwishowe hakimu amemwachilia. Watu wanashangilia na kurudi nyumbani. Lakini kibarua kimepotea, nauli imekwisha, na pesa za kikundi hazijarudi. Je, pesa hizo zinapatikana? Nyingine zinapatikana, ila hakuna inayokuja yenyewe. Ziko za aina tatu, na kila moja ina mlango wake.

1. Pesa za dhamana

Hizi si fidia, ni pesa zenu. Kesi ikiisha, dhamana iliyolipwa kortini hurudishwa, mradi mshtakiwa alihudhuria kila alipotakiwa. Hurudishwa kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti. Kwa hiyo kikundi kikichanga, amueni kwanza nani atalipa kwa jina lake, kisha muandike katika kitabu cha mikutano kwamba pesa ni za kikundi. Risiti moja isiyoeleweka yaweza kuleta ugomvi mkubwa.

Bondi ya polisi haina ada. Ukiambiwa ulipe dhamana ya pesa pale kituoni, dai risiti. Pesa isiyo na risiti ni kitu kidogo, na kitu kidogo hakirudi.

2. Gharama za kesi

Kesi nyingi ndogo huendeshwa na Serikali. Katika hizo usitegemee kwamba Serikali itarudisha nauli yako siku ya hukumu. Lakini hakimu akiona shtaka lilikuwa la upuuzi au la kusumbua tu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, inamruhusu kumwamuru mlalamikaji amlipe mshtakiwa kwa usumbufu na gharama. Na kama mtu binafsi ndiye aliyeendesha mashtaka, anaweza kuamriwa kulipa gharama, isipokuwa alikuwa na sababu ya haki ya kulalamika.

Shida ni kwamba watu hawaombi. Siku ile ya kuachiliwa, simama useme kwa heshima: "Mheshimiwa, naomba gharama." Uwe na orodha yako ya nauli, malipo ya wakili na siku za kazi ulizopoteza.

3. Fidia

Hii hudaiwa kwa kesi nyingine, ya madai, siyo ile ya jinai. Hapa wengi hukosea wakidhani kuachiliwa peke yake kunatosha. Hakutoshi. Ukidai kwamba ulishtakiwa kwa nia mbaya, utathibitisha mambo manne: kwamba unayemdai ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba kesi iliisha kwa upande wako, kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kukushtaki, na kwamba ilikuwa kwa nia mbaya.

Chukueni mfano. Jirani amepoteza mbuzi, akaona kwako mbuzi anayefanana naye, akaripoti. Ukishtakiwa na kuachiliwa, fidia itakuwa ngumu, kwa sababu alikuwa na sababu ya kushuku. Lakini kama alimuuza mbuzi huyo mwenyewe, naye ana ugomvi nawe wa mpaka wa shamba, hilo ni jambo lingine kabisa.

Kushikwa na kufungiwa kinyume cha sheria ni dai la pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka uelezwe mara moja kwa nini umeshikwa, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiisha siku ambayo korti haikai, upelekwe siku ya korti inayofuata. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, si la kumweka mtu rumande.

Sasa sikieni vizuri habari ya wakati. Kuidai Serikali kwa makosa ya polisi, mnashtaki Mwanasheria Mkuu, na muda ni miezi 12 tu. Kwa mashtaka ya nia mbaya, miezi huhesabiwa tangu kesi ilipoisha. Lakini kwa kushikwa na kufungiwa, huhesabiwa tangu mambo hayo yalipotokea. Mtu akingoja kesi yake ya miaka miwili iishe kwanza, dai hilo la pili limekwisha kufa. Msingoje.

Na mkishinda, muwe na subira. Huwezi kumtuma dalali akamate gari la polisi. Korti hutoa cheti cha deni, na malipo yanaweza kuchelewa sana.

Kazi ya kikundi

Mwenzenu akishikwa, siku hiyo hiyo andikeni tarehe, saa, kituo, jina au nambari ya askari, na nambari ya OB. Akipigwa, apelekwe hospitali na fomu ya P3 ijazwe. Kesi ikiisha, ombeni nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu, zenye muhuri wa korti. Someni jinsi ilivyoisha: kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla ya utetezi, mtu anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile.

Asiye na uwezo wa wakili aulize juu ya msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Aende mapema, akiwa na karatasi zake mkononi.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni mmoja wa kutunza karatasi hizi katika faili. Sasa nakaribisha maswali.