Jiwe Zito, Jiwe Jepesi: Mwanafunzi Abashiri Kwanza

Mada kwa warsha ya walimu wa sayansi wa shule za sekondari



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mbinu bunifu za kufundishia sayansi. Nilipoisoma, picha ya kwanza kunijia ilikuwa chupa tupu za maji. Siku hizi mwalimu akiambiwa awe mbunifu, hukimbilia kuokota: vizibo vya soda, mirija, makopo, mabomba ya sindano. Sina ugomvi na makopo, nimeyafundishia miaka mingi na bado yamejaa chini ya meza yangu. Lakini nimewahi kukaa nyuma ya darasa lenye zana za kupendeza, mwalimu akafanya jaribio, wanafunzi wakapiga makofi, wakanakili hitimisho kutoka ubaoni, na kengele ikalia bila hata mmoja wao kutilia shaka jambo lolote.

Ninalotaka kusema leo ni dogo. Kabla hujaonyesha jaribio, na kabla hujaitaja kanuni, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anachodhani kitatokea na kwa nini. Kisha jaribio lifanyike, watu wabishane, ndipo kanuni ije. Si mbinu yangu: Richard White na Richard Gunstone wa Australia waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1992, kwa hatua tatu za kubashiri, kutazama na kueleza. Langu ni kuwaambia jinsi inavyokwenda kwenye darasa la watoto themanini.

Nianze na mtu tunayemtaja kwa fahari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliamua kutochemsha kabisa. Mpemba akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Darasa likapata msemo wa kumtania kila alipokosea.

Hapo ndipo tunaposahau kutazama. Tunamsifu Mpemba kwa kutokata tamaa, ila hatujiulizi tungefanya nini sisi tungekuwa mbele ya ubao siku ile. Alijaribu mwenyewe alipoikuta maabara wazi, akitumia bika ndogo mbili na friza ya maabara ya biolojia. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kuzungumza, kijana akasimama na kuuliza lile lile: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kimoja, vyombo vinavyofanana, mbona ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba naye alidhani kijana amekosea, lakini alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikatoka katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana: mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000, na mwaka 2016 watafiti wengine wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa jambo lenyewe lipo. Osborne hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni subira ya kulipima swali ambalo yeye mwenyewe aliliona la kipuuzi.

Nami si msafi. Miaka ya nyuma, nikiwa nimetoka kueleza kwamba vitu vyote huanguka kwa mchapuko mmoja, mtoto wa kidato cha pili aliuliza mbona nazi hushuka kwa kishindo kuliko embe. Nilimjibu kwamba hilo halimo kwenye mada ya leo. Lilikuwa ndilo mada ya leo.

Sasa nieleze somo moja kwa urefu, maana mengine yanafuata njia hiyo hiyo. Ni pendulamu, kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Zana ni kamba, mawe ya uani na saa ya mkononi au simu ya mwalimu. Nafunga jiwe kwenye kamba ya mita moja, nalining'iniza kwenye boriti, silisukumi. Nauliza: nikibadilisha jiwe hili kwa zito zaidi, litabembea upesi zaidi, polepole zaidi, au sawa? Wanaandika. Kisha wanapiga kura kwa vidole kifuani, macho yamefumbwa, kidole kimoja, viwili au vitatu. Bila kufumba macho, wote watamfuata yule anayeongoza mitihani. Kura nayo si yangu: Eric Mazur wa Harvard alianza mwaka 1991 kuwapa wanafunzi wake swali, wakapiga kura, wakabishana na jirani, wakapiga kura tena, baada ya kugundua kwamba wanaokokotoa vizuri hukwama kwenye maswali mepesi ya uelewa. Kama Harvard wanakwama, sisi tusione haya.

Wengi hupigia kura jiwe zito kuwa la upesi. Makundi yanapima mibembeo 10, kwenda na kurudi. Kwa mita moja inatoka sekunde 20 hivi, jiwe liwe dogo au la wastani. Minong'ono. Swali la pili: mnataka sekunde 10, mfupishe kamba hadi wapi? Karibu wote husema nusu. Wanakata hadi sentimita 50 na kupata sekunde 14. Hapa huwa ninanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kazi ngumu kuliko zote. Watahangaika, watapunguza, watafika sentimita 25, na sekunde 10 zitatokea. Baada ya hapo kipeuo cha pili kwenye fomula hakihitaji kubembelezwa. Wamekishika kwa mikono.

Mwaka mmoja kundi la nyuma lilileta jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto, likapata sekunde 21. Waliobashiri kwamba zito ni polepole wakashangilia. Nilijua kosa liko wapi na nusura niliseme. Binti mmoja akaenda kuligusa lile jiwe, akasema: "Mwalimu, hii kamba si mita moja tena. Mnapima mpaka juu ya jiwe, na jiwe lenyewe lina tumbo." Kamba ilifungwa juu, na kitovu cha jiwe kilikuwa sentimita nane chini ya fundo. Katika maandalio yangu yote ya somo sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo ya jiwe lenye tumbo.

Aliisema kwa Kiswahili, na hapa najua nagusa penye kidonda. Mtihani wa taifa wa sekondari ni wa Kiingereza, na yapo mabango shuleni yanayokataza lugha nyingine. Mimi naruhusu ubishi uende kwa Kiswahili, kisha tunaandika matokeo kwa Kiingereza. Mtoto hawezi kubashiri kwa lugha ambayo hata kuomba maji kwayo anaogopa. Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Gulioni uzito ni kilo, na uzito huo huo tunautumia kwa kani ya mvutano; neno tungamo liko kwenye vitabu, midomoni halijafika. Nguvu kwetu ni kani, ni nishati, ni mabavu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ningependa iwe kwenye meza ya kila mwalimu. Au chukueni neno "kali". Siki ni kali, na mboga iliyozidi ina chumvi kali. Kwa hiyo nikileta maji ya choya ya kupimia asidi, wanafunzi wengi hubashiri kwamba chumvi itafanya kazi ya limau. Maji ya limau yanauacha wekundu wa choya uking'aa, maji ya majivu yanaugeuza kuwa kijani kichafu, na chumvi haifanyi kitu. Kosa lilikuwa kwenye neno, na bila ubashiri wa maandishi nisingelijua.

Najua mtakaloniuliza wakati wa maswali: silabasi itaisha lini? Haitaisha mkifanya hivi kila siku. Mimi hufanya pale tu ambapo akili ya kawaida inagombana na sayansi: kuelea na kuzama, mmea ambao watoto huamini unakula udongo, balbu ya kwanza inayodhaniwa kula umeme wa balbu ya pili. Alama za elementi hazina ugomvi na mtu, zikaririwe tu; tumekashifu kukariri kupita kiasi kwenye warsha hizi. Lipo na jambo la kuiga: wenzetu wa Kenya, waliposhirikiana na Japani kuanzia mwaka 1998 katika SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, walitilia mkazo shughuli na majaribio ya zana za kubuni, na walikuwa na utaratibu ambao sisi hatuna: walimu kurudi pamoja na kusahihisha somo lililokwisha kufundishwa. Makosa ya ubashiri nayo yasipewe alama. Siku utakapoyatia alama nyekundu, daftari zote zitaandika jibu la kitabu.

Mwenyekiti anaitazama saa, basi nimalizie kwa vitendo. Hapa mezani nimening'iniza chupa ya nusu lita kwa kamba ya nusu mita. Imejaa maji pomoni, na chini yake nimetoboa tundu nikaliziba kwa kijiti. Nitaibembeza kidogo, kisha nitachomoa kijiti ili maji yavuje hadi chupa iwe tupu, huku ndoo ikiwa chini. Je, muda wa mbembeo mmoja utaongezeka, utapungua, utabaki vile vile, au utafanya jambo jingine? Kila mmoja aandike na sababu yake, walimu wa biolojia pia, bila kumtazama jirani. Sitachomoa kijiti hadi kalamu zote ziwe zimewekwa chini.