Kipimo Kimoja Hakijihukumu: Mada kwa Mafundi Redio Wanaounda Kikundi cha Vipimo vya Kujitengenezea

Ifuatayo ni mada iliyosomwa mbele ya mafundi redio, walimu wa ufundi na wapenzi wa redio ya ridhaa waliokutana kujadili uundaji wa kikundi cha vipimo vya kujitengenezea. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Fundi redio hujulikana kwa meza yake. Juu ya meza hiyo pana pasi ya kulehemu, risasi, kopo la resista zilizong'olewa katika redio mbovu, na multimita moja ambayo nyaya zake zimekwisha kuungwa mara kadhaa. Kwa vifaa hivyo fundi hulisha familia na kusomesha wadogo zake. Lakini siku anapotaka kuvuka kutoka redio ya kusikiliza kwenda redio ya kuzungumza, multimita humwacha njiani. Chombo hicho kimeumbwa kupima umeme wa betri na wa ukutani. Mawimbi yanayotetema mara milioni 7 kwa sekunde hupita mbele yake bila kuonekana.

Na afikiriwe kijana aliyesoma kwa bidii, akapata leseni ya redio ya ridhaa, akaunda transmita ndogo ya wati 5 na kutundika antena kati ya miembe miwili. Anabonyeza swichi, transista ya mwisho inapata moto, inanuka, inakufa. Ananunua nyingine, nayo inakufa vilevile. Hajui kama kosa limo katika transmita, katika antena, au katika kebo inayoviunganisha. Mwishoni huviweka vifaa vyake juu ya kabati na kurudi kwenye redio za wateja. Kijana huyo hakukosa akili wala juhudi. Alikosa vipimo.

Vipimo vya kiwandani vya kazi hiyo huuzwa kwa mamilioni ya shilingi, na hakuna kata inayoweza kumnunulia kila fundi. Hata hivyo, vingi kati ya vipimo vya msingi vinaweza kutengenezwa mezani, kwa vitu vinavyopatikana katika maduka ya vipuri. Mada hii inaeleza vitatu, kisha inaeleza kwa nini vinahitaji kikundi na si mtu mmoja.

Kipimo cha kwanza: mzigo bandia

Transmita haipaswi kujaribiwa ikiwa imeunganishwa na antena. Hujaribiwa kwa mzigo bandia, yaani kifaa kinachopokea nguvu zote za transmita na kuzigeuza kuwa joto, bila kurusha mawimbi ya maana hewani. Transmita nyingi za ridhaa zimesanifiwa kwa mzigo wa omu 50. Fundi akichukua resista 20 za omu 1,000 kila moja, akaziunganisha zote sambamba, atapata omu 50 kamili. Kama kila resista inabeba wati 2, mzigo wote utabeba wati 40.

Sharti moja halina msamaha: resista hizo ziwe za kaboni au za utando wa metali. Resista kubwa za waya uliozungushwa zinavutia kwa kuwa zinabeba joto jingi, lakini waya huo uliozungushwa ni koili, na koili huyapinga mawimbi kwa namna yake yenyewe. Ubaya ni kwamba multimita itasoma omu 50 kwa mzigo mzuri, na itasoma omu 50 hizohizo kwa mzigo mbaya.

Kipimo cha pili: kichunguzi cha mawimbi

Dayodi moja, kapasita moja ndogo na resista moja hutosha kuyageuza mawimbi kuwa volti tulivu ambazo multimita inaweza kuzisoma. Kichunguzi kikiunganishwa kwenye mzigo wa omu 50, hesabu yake ni nyepesi: zidisha volti za kilele kwa zenyewe, kisha gawanya kwa 100. Volti 20 ni wati 4. Volti 22.4 ni wati 5.

Kichunguzi hiki nacho kina tabia zake. Dayodi hujitwalia sehemu ya volti kabla ya kuipitisha: ile ya silikoni huchukua takribani volti 0.6, ile ya jemani huchukua pungufu ya hapo. Katika volti 22 upotevu huo ni mdogo. Lakini anayepima mawimbi ya kilele cha volti 1 ataona volti 0.4 tu, na hesabu itampa chini ya moja ya tano ya nguvu iliyopo. Upande wa juu pia upo mpaka. Dayodi hukabiliwa na volti za kinyume zinazokaribia mara mbili ya kilele, na dayodi ndogo ya aina ya 1N4148 imekusudiwa volti 75 hadi 100. Inafaa kwa wati chache. Kwa wati 40 itaungua.

Kipimo cha tatu: daraja la antena

Kipimo hiki kingewaokoa transista za yule kijana. Wazo lake ni la kale. Samuel Hunter Christie alilieleza mwaka 1833, na Charles Wheatstone akalieneza mwaka 1843 hata likabeba jina lake. Resista tatu za omu 50 na antena yenyewe hupangwa katika pande nne za daraja. Antena ikilingana na omu 50, pande zinasawazika na mita iliyo katikati inaonyesha sifuri. Isipolingana, mita inapanda. Dan Tayloe wa Marekani aliondoa hata mita hiyo na kuweka taa ndogo ya LED: fundi huirekebisha antena mpaka taa izimike.

Daraja hili lina fadhila nyingine. Antena ikikatika kabisa, transmita huona omu 100. Antena ikigusana na kuwa kama waya mmoja, transmita huona takribani omu 33. Hali zote mbili zinavumilika kwa muda wa kupima. Kwa hiyo fundi anaweza kukosea, akarekebisha, akakosea tena, na transista ikabaki salama. Resista za daraja zibebe nguvu ya transmita, na antena ikisharekebishwa daraja liondolewe njiani, kwa kuwa hula sehemu kubwa ya nguvu.

Kwa nini kikundi

Hapa ndipo penye kiini cha mkutano huu. Kila kipimo cha kujitengenezea kinaweza kusema uongo, na hakiwezi kujishtaki. Mafundi wawili wakipima transmita ileile, mmoja anaweza kupata volti 22.4, yaani wati 5, na mwingine akapata volti 18.7, yaani wati 3.5. Kila mmoja peke yake nyumbani kwake angeamini namba yake. Wakikutana, tofauti inaonekana, na ikionekana inatafutika. Wabadilishane vichunguzi lakini kila mtu abaki na mzigo wake. Kosa likihamia upande wa pili, limo katika kichunguzi. Likibaki palepale, limo katika mzigo, na huenda ndani yake mna resista ya waya.

Wakizidi kubishana, mwamuzi yupo, naye ni betri ya gari. Betri yenye volti 12.6 ikiunganishwa na mzigo wa omu 50 kupitia fyuzi ndogo, huupa karibu wati 3.2 za joto. Mzigo uwekwe mahali pasipo upepo, kipimajoto kikiugusa, mpaka joto liache kupanda, namba iandikwe. Kisha betri iondolewe, transmita iunganishwe na kurekebishwa hadi joto lifike palepale. Transmita sasa inatoa wati 3.2, na kichunguzi sahihi kinapaswa kuonyesha takribani volti 17.8, ukiondoa kile ambacho dayodi imejitwalia. Joto la wati 3 ni lilelile, liwe limetoka kwenye betri au kwenye mawimbi. Jaribio hili linahitaji saa nzima ya subira, mikono miwili ya ziada na mtu wa kuandika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wenzetu wa nchi nyingine walitambua hilo mapema. Nchini Uingereza, kasisi George Dobbs alianzisha G-QRP Club mwaka 1974 kwa ajili ya wanaotumia transmita za nguvu ndogo, na jarida lake, SPRAT, limekuwa likitoka mara nne kwa mwaka likiwa na michoro ambayo wanachama wameijaribu wenyewe. Nchini Marekani, Wes Hayward na Bob Larkin walichapisha katika jarida la QST, Juni 2001, mchoro wa kipimo cha nguvu za mawimbi unaotumia saketi moja ndogo ya AD8307, na mafundi wengi wa nyumbani wakaujenga.

Wapo watakaouliza kama kuna haja ya kulehemu vipimo wakati kifaa kidogo kama NanoVNA kinaingia mfukoni na bei yake imeshuka sana. Kifaa hicho ni kizuri, na kikundi kikiweza kukichangia kitafaidi. Lakini kabla hakijapima chochote, mtumiaji hukifundisha kwa hali tatu: ncha iliyo wazi, ncha iliyofungwa, na mzigo wa omu 50. Mzigo huo ukiwa na kasoro, kila kitakachofuata kitakuwa na kasoro. Mzigo unaoaminika bado ndio msingi.

Namna ya kuanza

Inapendekezwa kikundi kianze na mambo manne. La kwanza ni daftari moja la pamoja. Kila kipimo kipewe namba, mchoro wake uchorwe, na matokeo yaandikwe pamoja na tarehe, hata yale ya aibu. Mchoro ulioshindwa ukiandikwa, humwokoa atakayefuata.

La pili ni mzigo mmoja wa rejea, uliojengwa kwa uangalifu na kuthibitishwa kwa jaribio la betri. Mzigo huo usitumike kwa kazi za kila siku. Ukae ndani ya kopo lake, utoke tu siku ya kulinganisha vipimo.

La tatu ni usalama. Antena isipite juu, chini wala karibu na nyaya za umeme. Nyaya zishushwe au ziondolewe kwenye redio kabla ya mvua za radi. Kapasita kubwa za vifaa vya umeme hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa, na zimeshawaumiza mafundi wazoefu. Betri ya gari isiunganishwe kamwe bila fyuzi.

La nne ni sheria. Kutengeneza kichunguzi au daraja hakumpi mtu ruhusa ya kurusha mawimbi, wala mzigo bandia hauondoi wajibu wa leseni. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na wenye leseni hupewa alama za wito zinazoanza na 5H. Katika kanda inayojumuisha Afrika, masafa ya mita 40 kwa redio ya ridhaa ni kuanzia megahezi 7.000 hadi 7.200. Anayetoka nje ya mipaka hiyo huingia katika masafa ya huduma nyingine. Wasio na leseni wanakaribishwa kikundini kujenga, kupima na kujiandaa, huku majaribio ya transmita yakisimamiwa na mwenye leseni.

Kwa wanaotaka kusajili kikundi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na kazi inayoonekana, kinaweza kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa kufuata masharti ya makundi yanayolengwa. Ieleweke mapema kwamba mkopo hurejeshwa. Kikundi kijiulize kwanza kitarejesha kwa kazi gani: kupima antena za wateja, kutengeneza redio za upepo za vyombo vya uvuvi, au kufundisha wanagenzi.

Ndugu wananchi,

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, wengi walikumbuka jinsi maisha yanavyotegemea minara ya simu, na jinsi minara inavyotegemea umeme na barabara. Redio ya ridhaa haichukui nafasi ya simu, na hakuna anayedai hivyo. Lakini penye waya wa mita 20, betri ya gari na mtu mwenye leseni, pana njia moja zaidi ya kufikisha ujumbe kwa Kamati ya Maafa. Njia hiyo itafanya kazi usiku wa mvua iwapo tu antena ilipimwa mchana wa jua, na iwapo aliyeipima alikuwa na sababu ya kukiamini kipimo chake.

Sababu hiyo hupatikana mezani, fundi mmoja anapoweka kipimo chake kando ya cha mwenzake na kukubali kwamba huenda chake ndicho chenye kosa. Penye wengi hapaharibiki neno. Kila anayekuja katika kikao kijacho na aje na resista 20 za omu 1,000 na daftari.