Mkaguzi wa Meli na Sahihi Yake



Mwaka 1876 sheria ya Uingereza, aliyoipigania Bwana Samuel Plimsoll, iliamuru meli za Kiingereza zichorwe ubavuni alama ya kiasi cha kupakia. Lakini mahali pa alama paliachwa kwa mwenye meli apachague mwenyewe, mpaka sheria ya 1890 ilipomwondolea hiari hiyo. Kwa miaka 14, basi, alama iliweza kuwa rangi tu.

Hapo ndipo ionekanapo thamani ya mkaguzi. Wakaguzi wengi walikuwa kwanza manahodha au mafundi wakuu wa mitambo. Waliijua dhoruba kabla ya kuijua kalamu. Mkaguzi hushuka ngamani na taa na nyundo, akagonga mabamba na mataruma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyofifia. Akisha kuona, ndipo atiapo sahihi.

Ndugu zangu, nasi makarani twatia sahihi kila siku. Baharia apandaye melini hana nafasi ya kugonga kila bamba, huiamini karatasi. Basi tusiandike majina yetu chini ya jambo tusiloliona.