Hesabu ya Boma la Bustani

Wazee wetu, Walimu na ndugu zangu wa Mbeya na Iringa,

Napenda kusema nanyi habari ya boma. Jambo hili si geni kwetu: Mtwa Mkwawa alizungusha ukuta wa mawe huko Kalenga, ngome ambayo Wajerumani waliiteka mwaka 1894. Sisi hatuzuii askari, twazuia ng'ombe na mbuzi wasile viazi na mboga za watoto wa shule. Lakini kila mita ina bei yake, na fedha za wazazi hazichangwi mara mbili.

Basi, tuseme kijiji kimechanga Sh. 360,000, na nguzo, waya na ujira wa fundi ni Sh. 3,000 kwa kila mita. Fedha hizo zatosha mita 120 tu. Mtu akifanya urefu mita 50 na upana mita 10, atapata mita za mraba 500. Akifanya 40 kwa 20, atapata 800. Akifanya 30 kwa 30, atapata 900. Hakuna mstatili utakaopita huo, maana ukiongeza mita 1 ya urefu huna budi kupunguza mita 1 ya upana, na 31 mara 29 ni 899.

Je, kama upande mmoja pana ukuta mrefu wa shule? Hapo mraba si bora tena. Mita 40 kwa 40 zatoa 1,600. Lakini mita 60 sambamba na ukuta, na 30 kila ubavu, zatoa 1,800.

Na kama upande wa mbele waelekea njia ya ng'ombe, nao wataka waya maradufu, yaani Sh. 6,000 kwa mita? Fanyeni mbele na nyuma mita 20, na kila ubavu mita 30; mtapata 600.

Tazameni: mara zote tatu, Sh. 180,000 zimekwenda kwa urefu, na Sh. 180,000 kwa upana. Hiyo ndiyo kanuni: gawanyeni fedha nusu kwa nusu.

Ila msiufanye mto kuwa ukuta wenu ili kuokoa waya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto.

Walimu, wapeni watoto kamba wapime wenyewe uwanjani, kisha hesabu yao isomwe mbele ya mkutano wa kijiji kabla waya haujanunuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.