Dinari mbili za Msamaria

Fungueni Luka 10, mstari wa 25 mpaka 37.

Tukihubiri habari ya Msamaria, tunakaa sana juu ya mafuta na divai. Leo tusimame kwenye mstari wa 35. Alitoa dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi. Bila ahadi hiyo, mgonjwa angepona vidonda, kisha angebaki pale kwa sababu ya deni. Mnajua mambo hayo: hapa kwetu mama anazaa salama, halafu anazuiliwa maternite pamoja na mtoto mpaka fakitire ilipwe.

Sasa wafikirini ndugu zetu Batwa wa Kabare na Kalehe. Zamani dawa zao zilitoka msituni. Wazee wao wanajua mizizi na maganda ya miti kwa tumbo, kwa homa, kwa mama mzazi. Parki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975, nao wakafukuzwa, wengi bila kupewa hata shamba. Leo Mutwa akiingia kutoa ganda la mti, mlinzi anamkamata. Akienda kituo cha afya, anaulizwa pesa ya fishi kabla ya kuulizwa anaumwa wapi.

Na hata pesa ikipatikana, kuna ile benchi. Watu wanasogea mbali naye. Wengine hawakubali kunywea kikombe alichotumia. Na Jumapili wanashiriki kikombe cha Bwana! Ndiyo maana mama anaamua kuzaa nyumbani. Damu ikizidi, wanambeba usiku kwa tipoyi, na mara nyingine wanafika wamechelewa. Tusiseme tena kwamba Batwa hawapendi hospitali.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, na afya imo. Ni vema. Lakini mwuguzi asiyepata mshahara wa serikali anaishi kwa fakitire zilezile. Luka hamlaumu mwenye nyumba ya wageni, yeye alilipwa.

Kwa hiyo kila kanisa lipatane na kituo chake cha afya: Mutwa mwenye mimba apokelewe, na mwisho wa mwezi mashemasi walete pesa. Jina lake lisitangazwe kanisani. Mama mmoja wa kanisa amsindikize, akae naye kwenye benchi ileile. Asiye na franga alete maharagwe. Mashemasi watayauza siku ya soko.