Nani Anakuja Shabana? Gumzo la Usajili Kisii na Nyamira

Gumzo kuhusu wachezaji wapya wa klabu ya soka ya Shabana huanza katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, kabla hata ligi haijafika ukingoni. Mechi zinapobaki chache, majina huanza kutajwa kwenye steji za matatu mjini Kisii, kati ya wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili, huko Keroka ambako kaunti hizi mbili hupakana, hadi kwenye vituo vya chai vya Nyamira wakulima wanaposubiri majani yao yapimwe. Jioni, stesheni za Ekegusii kama Egesa na Minto hubeba mjadala huo huo. Anayetajwa leo ni mshambuliaji, kesho ni kipa, keshokutwa ni kiungo ambaye timu yake ya sasa haijasema lolote.

Ukali wa gumzo hilo una historia yake. Shabana ilipata jina kutoka kwa Shabana Hardware, duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na katika miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa timu ambayo wakubwa wa Nairobi hawakufurahia kuifuata nyumbani kwake. Mwaka 2006 ikashuka daraja. Ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka iliposhuka alikuwa tayari kijana wa sekondari aliposhuhudia kwa mara ya kwanza Shabana ikicheza ligi ya juu katika Uwanja wa Gusii. Mashabiki wake, Tore Bobe kama wanavyojiita, wanajua ubaridi wa madaraja ya chini, na ndiyo maana habari ya beki mmoja kuondoka huzua mjadala wa siku nzima.

Mjadala wenyewe huanzia mbele, kwa mfungaji. Wengi wanataka mtu wa mabao, na mara nyingi wanamtaka mtu mwenye jina. Wanaoitazama timu kila wiki huhoji kitu kingine: nani atampa mipira huyo mfungaji, na nani atalinda bao likishapatikana? Ligi Kuu ina timu 18, maana yake kila timu inacheza mechi 34, nusu yake ugenini, na viwanja vingine vina nyasi haba na mashimo. Kikosi chenye mfungaji hodari na mabeki wawili tu wa kutegemewa hupwaya mapema, kadi na majeraha yanapoanza. Wanaodai kiungo mkabaji kabla ya nyota wa mbele wana hoja nzito, ingawa ni nadra kushangiliwa.

Ushahidi unaoletwa katika mabishano haya kwa kawaida ni picha kwenye simu. Mwendesha bodaboda anasimamisha pikipiki, anaonyesha picha ya mchezaji aliyeshika jezi, na wenzake wanainama kuitazama. Picha hiyo inahitaji kuchunguzwa. Je, imetoka kwenye ukurasa wa klabu yenyewe, au imesambazwa na mtu asiyejulikana? Jezi ni ya msimu huu au wa zamani? Taarifa inataja muda wa mkataba? Mchezaji aliyekuja kufanya majaribio ya wiki moja anaweza naye kupigwa picha akiwa na jezi, na kufikia jioni Keroka nzima ikaamini kwamba ameshafika.

Mkanganyiko huu unachangiwa pia na maneno. Kuna maneno matatu yanayotumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: kununua, kusaini na kusajili. Kununua ni kuilipa klabu nyingine ada ili imwachilie mchezaji ambaye mkataba wake bado unaendelea. Kusaini ni mchezaji kutia sahihi mkataba na mwajiri mpya. Kusajili ni hatua ya mwisho, jina lake linapoingizwa katika kumbukumbu za Shirikisho la Soka Kenya ili aruhusiwe kucheza. Mchezaji huweza kusaini asisajiliwe, kwa mfano barua ya kuachiliwa ikichelewa. Huweza pia kusajiliwa bila kununuliwa, na hali hiyo ni ya kawaida katika soka ya Kenya, ambako wengi huhama baada ya mikataba yao kwisha. Shabiki anayesema “tumemnunua” kumhusu mchezaji aliyekuja bila ada hujenga picha ya fedha ambazo hazikutoka, kisha huwauliza viongozi zilikotoka. Magazeti na redio nazo zimeongeza kuwinda, kunasa na kumezea mate. Hayo yanaipa habari ladha, lakini klabu iliyommezea mate mchezaji haijampata. Watangazaji wangefanya vyema kuliweka akiba neno kusajili mpaka siku ya usajili wenyewe.

Nyuma ya maneno kuna kanuni. FIFA inaruhusu vipindi viwili vya usajili kwa mwaka, ndivyo vinavyoitwa madirisha. Nchini Kenya kipindi kirefu huja kati ya misimu miwili na kifupi ligi ikiendelea. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake ana ruhusa ya kuzungumza na kukubaliana na klabu nyingine. Kwa hiyo uvumi wa kati ya msimu si uzushi wote, na anayetaka kujua nani anaweza kuondoka Shabana aanze kwa kuuliza mikataba ya nani inakaribia kwisha.

Suala la mshahara ndilo linalopewa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji ambaye hajalipwa mishahara miwili ya mwezi ana haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Akiondoka kwa njia hiyo, klabu haipati chochote, na bado inaweza kuagizwa kulipa fidia. Deni lisipolipwa, adhabu inayofuata ni kufungiwa kusajili. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye wafuasi wengi kuliko zote nchini, zimewahi kukumbwa na marufuku ya aina hiyo kwa sababu ya madai ya wachezaji na makocha wa zamani. Kwa klabu ya Kisii, yenye mapato madogo, mfungaji ghali anayekosa mshahara miezi miwili ni hasara kubwa kuliko kutokuwa naye. Shabiki anayelipa kiingilio Gusii ana haki kamili ya kuuliza kama mshahara wa mchezaji mpya umepangiwa fungu kabla picha yake haijatolewa.

Mjadala mwingine usiokwisha ni wa watoto wa nyumbani. Kuna wanaotaka nafasi nyingi ziende kwa vijana wa Kisii na Nyamira, kutoka mashindano ya shule na timu za mitaani, na kuna wanaosema kabila si namba jezini. Historia ya klabu inaunga mkono pande zote mbili. Henry Motego, mfungaji aliyefika timu ya taifa, Harambee Stars, ndiye jina linalotajwa kwanza wazee wakisimulia Shabana ya zamani. Lakini Mike Okoth, ambaye hakuwa Mgusii, naye alipita Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji mwaka 1992, ambako alichezea Oostende na Genk.

Kuhusu vijana kuna hoja ya fedha ambayo haisikiki vya kutosha. Tangu mwaka 2001, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, hadi asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila klabu hupata kulingana na miaka aliyokaa kwake, mradi usajili wake wa miaka hiyo uwe umeandikwa. Timu ya kijiji cha Nyamira inayomchezesha kijana miaka minne bila kumsajili popote haina cha kudai, hata akiuzwa kwa mamilioni. Kumsajili kijana wa miaka 15 hakuleti umati steji, lakini ni usajili ambao klabu za Kisii na Nyamira zinaumudu.

Dirisha likifungwa, majina yaliyobaki ni yale yaliyo kwenye orodha ya shirikisho. Kwa kawaida anayeweza kuongezwa baada ya hapo ni mchezaji ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha kabla ya kipindi kufungwa. Wengine wote, pamoja na yule aliyepigwa picha na jezi, husubiri dirisha linalofuata.