Mashahidi wa Uganda na Desemba ya Tarime



Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Kwetu Tanzania si siku ya mapumziko kama ilivyo kwao, lakini hapa Tarime na Serengeti, penye kigango au jumuiya ambayo somo wake ni mashahidi hao, watu huisubiri. Padre huvaa nyekundu. Kina mama huingia na matoleo kichwani: mahindi, mtama, ndizi, na yule kuku aliyefungwa miguu, ambaye hunyamaza wakati wa nyimbo na kupiga kelele wakati wa mahubiri. Baada ya misa ni ngoma na chakula, na kina Karoli na kina Kizito hupewa pongezi za somo wao. Wenye nauli huvuka Sirari, wakapita Kisumu na Busia hadi Namugongo kwenyewe.

Ni Namugongo ambako Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Walikufa Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wengi wao vijana wa ikulu. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso yale walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964.

Leo nimtaje mmoja asiyesemwa sana, Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji wa Kabaka, mzee Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Mzee alimsihi kijana akane dini, japo kwa mdomo tu, amfiche. Kijana akakataa. Mwishowe mzee akaagiza apigwe rungu shingoni kwanza, asiungue akiwa hai. Hakumchukia, wasikilizaji. Alimpenda, akamuua.

Sasa nendeni nami hadi Desemba. Shule zimefungwa, wazee wa mila wametangaza msimu, na binti wa miaka 13 anaambiwa ajiandae kwa ngariba. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na baba yake anajua. Mama naye anampenda bintiye. Anaogopa tu aitwe msagane, acheke­we kisimani, na mahari ipungue ng'ombe. Binti anatoroka usiku kwenda kituo cha Masanga, au nyumba salama ya Mugumu. Januari wanaomhifadhi huwaita wazazi wapatane. Wengine humpokea. Wengine humwambia hana kwao.

Na wazazi hao si wote wapagani. Wapo waliopiga vigelegele Juni, watoto wao walipoigiza Kizito akikataa amri ya mkubwa.

Ndiyo maana nasema mahubiri ya Desemba yamechelewa, mbuzi wa sherehe amekwisha kununuliwa. Yasemwe sasa, baba akiwa amekaa kanisani na jina la ukoo wake likitajwa kwa heshima. Mzee wa mila naye aalikwe mezani, asisemwe akiwa hayupo. Na mtama ule wa matoleo, debe mbili tatu zifike Masanga na Mugumu kabla wasichana hawajaanza kubisha hodi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.